RUBANI MREFU ALIYEJIFUNZA NAIROBI: MAISHA YA ROALD DAHL



Ukisimama katika uwanja wetu wa kandanda hapa Kitengela wakati wa mapumziko ya saa nne, mara nyingi utaona kindege kidogo kikipita juu kuelekea upande wa Isinya na Kajiado. Kinanguruma kama mashine ya kusaga mahindi. Kinapanda, kinashuka kidogo, kinapinda, halafu kinarudi kilikotoka. Hao ni wanafunzi kama sisi, ila wao wanasomea urubani. Wengine hutoka Wilson kule Nairobi, wengine hutoka kiwanja cha Orly kilicho hukuhuku kwetu Kajiado. Sisi huwapungia mikono, na hakosekani mzaha mmoja wa kusema kwamba aliye juu mngoje chini.

Zamani nilikuwa nikicheka mzaha huo. Siku hizi sicheki sana. Nitawaeleza kwa nini.

Nilipokuwa kidato cha pili nilitumwa na mwalimu kupanga vitabu katika maktaba. Katika rundo la vitabu vilivyochanika nikakuta kimoja kiitwacho Going Solo. Mwandishi wake ni Roald Dahl. Jina hilo nililijua, kwani nani kati yetu hajasikia habari za Charlie na kiwanda chake cha chokoleti? Nilidhani ni hadithi nyingine ya watoto na peremende. Kumbe wapi! Niliketi sakafuni nikasoma mpaka kengele ikanipita, na kazi niliyotumwa sikuimaliza. Ndani ya kitabu hicho mlikuwa na Mombasa, Dar es Salaam, Nairobi, twiga, askari wa King's African Rifles, na maneno ya Kiswahili. Jamaa huyu aliishi kwetu! Na hapa Nairobi ndipo alipojifunza kurusha ndege. Basi nikaazimia kwamba siku moja nitaandika maisha yake katika jarida letu.

Roald Dahl alizaliwa tarehe 13 Septemba 1916 huko Llandaff, Wales. Wazazi wake walikuwa watu wa Norwe. Mwaka 1920, akiwa na umri wa miaka mitatu tu, dada yake alifariki, na baada ya wiki chache baba yake naye akafuata. Mama yake akabaki na watoto wa kulea katika nchi ya ugenini. Mama huyo hakutetereka. Aliwasomesha watoto wote, na jioni aliwasimulia hadithi za kwao Norwe. Roald alipopelekwa shule ya bweni akiwa na miaka 9 alianza kumwandikia mama yake barua, na hakuacha kwa zaidi ya miaka 30. Barua zilizohifadhiwa zinapita 600. Hebu jiulize, wewe unayelala bweni, muhula huu umeandika ngapi?

Shuleni hakuwa mwanafunzi wa kung'aa sana. Walimu wake hawakuona dalili yoyote ya mwandishi. Aliipenda michezo na kupiga picha, na alichukia viboko, ambavyo katika shule za Uingereza za wakati huo vilitembea si mchezo. Alipomaliza mwaka 1934 hakwenda chuo kikuu. Aliomba kazi katika kampuni ya mafuta ya Shell, kwa sababu moja tu: alitaka kupelekwa nchi za mbali.

Mwaka 1938 bahati ikamwangukia. Akiwa na umri wa miaka 22 alipanda meli iitwayo Mantola, akashuka Mombasa, na kutoka hapo akachukua chombo kidogo cha pwani mpaka Dar es Salaam. Tanganyika wakati huo ilikuwa chini ya Waingereza, waliokabidhiwa baada ya Wajerumani kushindwa katika Vita Vikuu vya Kwanza. Kazi ya Dahl ilikuwa kuwauzia mafuta wenye mashamba ya mkonge, wenye migodi na wenye magari. Alisafiri bara kwa wiki nyingi katika barabara za vumbi. Huko ndiko alikojifunza Kiswahili, si darasani kama sisi, bali kwa kuzungumza na watu njiani na nyumbani.

Lakini tusidanganyane. Maisha yake Dar es Salaam yalikuwa maisha ya mkoloni. Vijana watatu wa Kiingereza walikaa katika jumba kubwa karibu na bahari, wakapikiwa, wakafuliwa, wakatandikiwa vitanda na Waafrika. Yeye mwenyewe anaeleza hayo bila kificho. Nataka mlikumbuke jambo hili, maana nitalirudia mbele.

Tarehe 3 Septemba 1939 Uingereza ilitangaza vita dhidi ya Ujerumani. Tanganyika ilikuwa bado na Wajerumani wengi, wenye mashamba na maduka. Serikali ikaamua wakamatwe wote siku hiyohiyo. Dahl akapewa kikosi cha askari wa King's African Rifles, akaambiwa aende kuiziba barabara iendayo kusini. Kijana huyu alikuwa hajawahi kushika cheo chochote cha jeshi. Waliojua kazi ni wale askari Waafrika pamoja na sajini wao. Wao ndio waliojua mahali pa kujificha, namna ya kuziba njia na namna ya kungoja. Mkubwa kwa cheo alikuwa yeye, lakini mwalimu alikuwa sajini.

Baada ya hapo Dahl hakutaka tena kuuza mafuta. Mwezi wa Novemba 1939 alitia vitu vyake katika gari dogo akashika njia ya Nairobi, safari ya karibu maili 600, ili ajiunge na Jeshi la Anga la Uingereza. Alivuka mto Wami kwa kivuko kilichovutwa kwa kamba na nguvu za wanaume. Alisimama njiani kuwatazama twiga, akawatazama na tembo wakipita na watoto wao. Anasema aliwaonea wivu tembo hao kwa sababu wao walikuwa na amani.

Njia kuu ya kutoka Tanganyika ya kaskazini kwenda Nairobi ni hii yetu: Arusha, Longido, Namanga, Bissil, Kajiado, Isinya, Kitengela. Sisi tunaijua kwa matatu na malori ya saruji. Kila nikirudi kutoka kwa nyanya yangu Kajiado, nikifika pale Isinya penye upepo mwingi na uwanda mpana, huwa namfikiria kijana wa miaka 23 na gari lake dogo, akiendesha kuelekea vitani kama mtu anayekwenda harusini.

Nairobi daktari alimpima akamwona mzima wa afya, ila alikuwa na dosari moja. Alikuwa mrefu mno! Urefu wake ulikuwa futi 6 na inchi 6, yaani karibu mita 2. Ndege za kujifunzia ziliitwa Tiger Moth. Zilikuwa na mabawa mawili, moja juu ya jingine, na viti viwili vilivyokuwa wazi bila paa, kimoja cha mwalimu na kimoja cha mwanafunzi. Mbele ya kila kiti kulikuwa na kioo kidogo cha kukinga upepo. Wenzake walijificha vizuri nyuma ya kioo hicho. Yeye kichwa kizima kilitokeza juu. Upepo ulimziba pumzi mpaka ikabidi ainame kila baada ya muda ili avute hewa. Mwishowe alijifunga kitambaa cha pamba puani na mdomoni, akaruka hivyo hivyo.

Kwa juma zipatazo nane maisha yao yalikuwa ya mwanafunzi hasa. Kulikuwa na masomo ya darasani, kulikuwa na kujifunza ishara za simu ya upepo, kulikuwa na kusoma ramani na dira, halafu zamu ya kwenda juu na mwalimu. Kupaa, kugeuka, kuzima injini na kuiwasha, kutua. Ukikosea, unarudia. Baada ya kuruka saa 7 na dakika 40 tu pamoja na mwalimu, Dahl aliruhusiwa kupaa peke yake. Hebu fikirini! Sisi tunasoma hesabu miaka minne na bado jasho linatutoka. Yeye chini ya saa nane akaachiwa ndege.

Na alifurahi kupita kiasi. Aliruka juu ya Bonde la Ufa na nyanda za wanyama. Kutoka juu aliona makundi ya nyumbu na pundamilia, simba wamelala, vifaru na nyati. Anasema hakuwahi kuwa na furaha kama ile. Wakati huo nyanda hizi zetu hazikuwa na ua wala viwanja vya hamsini kwa mia. Wanyama walitembea kutoka Nairobi mpaka Amboseli bila kuuliza njia kwa mtu.

Sasa wasomaji, nisikilizeni vizuri. Darasa lile la Nairobi lilikuwa na vijana 16. Wote walikuwa Wazungu, wengi wao wakifanya kazi katika makoloni haya ya Afrika Mashariki. Walikula pamoja, walicheka pamoja, walitaniana juu ya nani ametua vibaya. Katika hao 16, Dahl anaeleza kwamba 13 waliuawa katika miaka miwili iliyofuata. Watatu tu ndio waliobaki.

Nilipofika hapo nilikifunga kitabu. Nilitazama dawati langu, nikahesabu vichwa vya wenzangu katika safu mbili za mbele. Vilikuwa 16. Nikaondoa 13. Ndiyo sababu nikaacha kucheka kindege kikipita.

Kutoka Nairobi walipelekwa Iraki, mahali paitwapo Habbaniya, jangwani kwenye joto la tanuri, wakajifunza kupiga bunduki na kuangusha mabomu kwa miezi kadhaa. Kisha Dahl akapelekwa Misri, akapangiwa kikosi nambari 80. Tarehe 19 Septemba 1940 alipewa ndege aina ya Gladiator, ambayo hakuwa amefunzwa kuitumia vitani, aipeleke kwa kikosi chake katika Jangwa la Magharibi. Alitua mara mbili njiani kutia petroli. Mara ya mwisho alielekezwa mahali kikosi kilipo. Alipofika hapo akakuta mchanga na mawe tu. Mahali alipoelekezwa hapakuwa penyewe. Alizunguka, akazunguka, jua likazama, petroli ikawa inakwisha. Ikabidi atue jangwani. Magurudumu yakagonga jiwe, ndege ikajikita ardhini kwa pua, ikawaka moto.

Ajali haina kinga. Fuvu lilipasuka, pua ikapondeka, macho yakaziba asione kitu. Alijikokota kutoka katika moto, na nyuma yake risasi zilizokuwa ndani ya ndege zikaanza kulipuka zenyewe. Askari Waingereza walimkuta usiku huo. Akalala hospitalini Aleksandria kwa miezi, na kwa juma nyingi za mwanzo hakujua kama ataona tena. Hatimaye macho yalirudi. Madaktari walitaka kumrudisha kwao Uingereza. Akakataa. Alisema moyoni kwamba hajafanya kazi aliyoandikwa.

Mwezi wa Aprili 1941 akakifuata kikosi chake Ugiriki, mahali paitwapo Elevsis, karibu na mji wa Athens. Alipewa ndege mpya aina ya Hurricane. Alikuwa na siku chache tu za kuizoea. Alipotua, fundi mmoja wa ndege ndiye aliyempa habari za hali ilivyo. Mambo yalikuwa mabaya. Wajerumani walikuwa wamevamia Ugiriki kwa mamia ya ndege, nao katika uwanja ule walikuwa na Hurricane kama 15 tu.

Watu wengi hudhani maisha ya kikosi cha ndege vitani ni kupigana tu. Hapana. Sehemu kubwa ya siku ni kungoja. Elevsis marubani walilala katika mahema kando ya uwanja. Waliamka kabla ya jua, wakanywa chai, wakaenda kukaa karibu na ndege zao. Ndege ziliachwa mbalimbali uwanjani ili bomu moja lisiharibu mbili. Rubani hakuruhusiwa kwenda mbali. Alikaa kwenye nyasi na nguo zake za kurukia, akitazama maua ya msimu na bahari iliyo jirani, masikio yakiwa kwenye simu. Ikilia, wanakimbia. Dakika chache baadaye wako hewani. Wakirudi, wanaeleza walichokiona, ndege zinatiwa petroli na risasi, na wanaanza kungoja tena. Kuna siku walipaa mara tatu au nne.

Na nyuma ya kila rubani mmoja palikuwa na watu ambao magazeti hayakuwataja. Fundi wa injini, fundi wa mwili wa ndege, na mpakia risasi wa zile bunduki nane zilizofichwa ndani ya mabawa. Bunduki hizo zilikuwa na risasi za kama sekunde 15 tu za kufyatua mfululizo, basi ikiwa mpakiaji amezembea, rubani amekufa. Mafundi hao walifanya kazi usiku kwa mwanga mdogo, wakiziba matundu kwenye mabawa, na asubuhi walisimama uwanjani wakihesabu ndege zinazorudi. Yule aliyehesabu akakosa moja, alijua ni ya nani.

Jambo lililonishika moyo zaidi ni kimya chao. Kule Nairobi vijana 16 walikuwa marafiki. Kule Elevsis, anasema Dahl, hakuna aliyetaka kuwa rafiki wa mtu. Ukikuta kitanda cha jirani kitupu jioni, huulizi. Kila mmoja alijifungia ndani ya nafsi yake. Aliyemsaidia kidogo alikuwa David Coke, kijana wa ukoo mkubwa wa Uingereza aliyelala naye hema moja. Huyo ndiye aliyemweleza usiku mmoja jinsi ya kupigana na ndege za Wajerumani, maana hakuna mwalimu aliyekuwa amemfunza. Coke naye alikufa vitani mwaka huohuo wa 1941.

Tarehe 20 Aprili 1941 ndiyo siku iliyokuwa mbaya kuliko zote. Hurricane 12 zilipaa juu ya Athens kukabiliana na kundi kubwa la ndege za Ujerumani. Dahl anasema anga lilijaa ndege mpaka alichofanya zaidi ni kukwepa asigongane nazo. Tano zikaanguka, na marubani wanne wakafa. Mmoja wao alikuwa Pat Pattle, mzaliwa wa Afrika Kusini, anayehesabiwa miongoni mwa marubani hodari kuliko wote wa upande wa Uingereza. Dahl alitua salama. Akashuka, akatoa sigara, lakini mkono ulitetemeka hata moto ukakataa kukutana na ncha ya sigara. Nguo zote zilikuwa zimelowa jasho. Jamaa yule mrefu, shujaa wa magazeti ya baadaye, alishindwa kuwasha sigara. Mimi nilimheshimu zaidi kwa kulisema hilo kuliko kwa ndege alizoziangusha.

Siku chache baadaye waliiacha Ugiriki. Mwezi wa Juni 1941 alipigana tena juu ya Lebanoni na Siria, akiruka kutoka Haifa. Lakini lile pigo la jangwani lilikuwa halijamwacha. Kichwa kilimuuma vibaya, na mara nyingine alipotewa na fahamu akiwa juu. Madaktari wakamkataza kuruka. Akarudi kwa mama yake. Alikuwa na umri wa miaka 24.

Mwaka 1942 alitumwa Washington kufanya kazi katika ubalozi wa Uingereza. Huko mwandishi mashuhuri C. S. Forester alimwomba amwandikie kwa ufupi yaliyompata vitani, ili yeye aitengeneze habari hiyo. Dahl akaketi akaandika. Forester aliposoma hakubadilisha chochote, akaipeleka gazetini kama ilivyo. Hivyo ndivyo mwandishi alivyozaliwa. Mwaka 1946 alitoa kitabu cha hadithi 10 za marubani, Over to You. Moja yake inasimulia juu ya kijana aliyejifunzia urubani Nairobi, ambaye hakurudi kutoka vitani. Nadhani hakuwasahau wale 13.

Hapa inanibidi niseme ukweli, ingawa nampenda. Katika gazeti hilo la mwaka 1942 ajali yake ilitolewa kana kwamba aliangushwa na risasi za adui. Haikuwa hivyo. Alipotea njia, petroli ikaisha, akatua vibaya. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Baadaye, katika Going Solo cha mwaka 1986, alieleza kwamba hakuangushwa. Lakini hata humo mna mahali ambapo waliochunguza maisha yake wanaona ametia chumvi.

Na kuna jambo zito kuliko chumvi. Katika chapa ya kwanza ya kitabu cha Charlie, mwaka 1964, wale wafanyakazi wadogo wa kiwanda walikuwa mbilikimo weusi kutoka Afrika, waliosafirishwa ndani ya makasha na kufanya kazi kwa malipo ya kakao. Mtu aliyekula chakula cha Mwafrika, aliyelindwa na askari Waafrika, aliyezungumza Kiswahili! Watu weusi wa Marekani walilalamika, na mwaka 1973 akawabadilisha. Vilevile mwaka 1983 alitoa maneno ya kuwadharau Wayahudi, na mwaka 2020 ilijulikana kwamba jamaa zake wameomba radhi kwa ajili hiyo. Kalamu inaweza kuwa ya dhahabu na mkono unaoishika ukawa na doa. Tusome, lakini macho yawe wazi.

Maisha yake ya nyumbani nayo hayakukosa msiba. Mwaka 1960 mtoto wake mchanga wa kiume aligongwa na gari huko New York, maji yakamjaa kichwani. Dahl hakukaa akilia tu. Alishirikiana na daktari mmoja na fundi mmoja, wakatengeneza kifaa kidogo cha kutoa maji hayo, kikawasaidia maelfu ya watoto wa nchi nyingi. Mwaka 1962 binti yake wa miaka 7, Olivia, alifariki kwa surua. Baadaye Dahl aliwaandikia wazazi akiwasihi wawachanje watoto wao.

Aliaga dunia tarehe 23 Novemba 1990 huko Oxford, akiwa na umri wa miaka 74. Aliishi karibu nusu karne zaidi ya wenzake wa darasa la Nairobi.

Nimebakiza jambo moja. Likizo iliyopita nilikwenda Kajiado nikamsimulia nyanya habari hizi zote. Alisikiliza huku akichambua maharagwe. Nilipomaliza akaniambia kwamba baba yake naye alikuwa askari wa King's African Rifles. Alikwenda Uhabeshi, halafu akapelekwa ng'ambo mpaka Burma mwaka 1944. Alirudi na koti moja na kikohozi. Nikamuuliza aliwasimulia nini. Nyanya akanyamaza kidogo, akasema hakuwasimulia kitu, na wao hawakumuuliza.

Miaka yote hii ninaishi na nyanya huyu, na najua idadi ya Hurricane zilizopaa Athens tarehe 20 Aprili 1941, lakini sijui babu wa baba yangu alipanda meli gani, wala jina la rafiki mmoja aliyemzika. Sajini aliyemfunza Dahl namna ya kuziba barabara naye alikuwa na maisha yake. Wapakia risasi, wapishi, wachukuzi, askari wa Kajiado, Machakos na Tanganyika, wote walikuwa na siku zao za kungoja. Dahl alibaki mmoja kati ya watatu, akashika kalamu, ndiyo sababu tunamjua. Wengi wetu walibaki hai pia, lakini hakuna aliyewapa kalamu.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Basi mimi nimenunua daftari la kurasa 96. Kila nikienda Kajiado nyanya anazungumza nami naandika, kidogo kidogo, bila kutia chumvi. Tayari nimejaza kurasa 11. Wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili, likizo inakuja. Nanyi mnao wazee nyumbani. Waulizeni wakati bado wanaweza kujibu.

Na kile kindege kikipita tena saa nne, mpungieni mkono mwanafunzi mwenzetu. Tumwombee atue salama.